Vita vya Maboma: Miezi Tisa ya Kuzingirwa Kando ya Tanganyika

Tarehe 5 Aprili 1892 wapiganaji wa Rumaliza waliizunguka Albertville, ngome iliyokuwa na miezi mitatu tu tangu ianzishwe. Ilisimama kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni mji wa Kalemie, si mbali na pale mto Lukuga unapoyatoa maji ya ziwa na kuyapeleka Lualaba. Mkuu wake, Kapteni Jules Jacques, alikuwa Mbelgiji wa miaka 34 aliyetumwa na chama cha kwao cha kupinga utumwa. Alikuwa na Wazungu wachache na askari waliotoka naye pwani ya mashariki. Katika mapigano ya mwanzo tu, mmoja wa wenzake, Vrithoff, aliuawa. Kisha yakaanza yale yanayochosha kuliko vita vyenyewe: kungoja, kuhesabu risasi, kupima chakula. Yalichukua miezi tisa.

Msomaji aliye Lusenda, Mboko au Baraka asidhani hiyo ni habari ya nchi nyingine. Kalemie iko zaidi ya kilomita 200 kusini mwake, lakini ufuko ni mmoja, na katika miaka ile mkono ulioushika ulikuwa mmoja pia. Vikosi vilivyoizingira Albertville vilikuwa vya bwana yuleyule ambaye watu wake walikwisha kujiweka Masanze, Ubwari na Uvira, yaani mwambao wote ambao leo barabara ya Uvira kwenda Baraka inaufuata. Kwa hiyo hadithi ya Albertville haieleweki mpaka mtu aanzie kaskazini, katika nchi ambayo leo ni teritwari ya Fizi.

Rumaliza ni jina la umaarufu. Jina lake halisi ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mtu wa Lindi. Alipanda bara akafanya biashara na Tippu Tip, na katika miaka ya 1880 makao yake yakawa Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Ujiji ulikuwa mji wa soko, lakini mali ilitoka magharibi: pembe za ndovu kutoka Manyema, na watu. Majahazi na mitumbwi ilivuka ziwa, ambalo upana wake ni kama kilomita 50, kila wakati upepo uliporuhusu. Tippu Tip alipoondoka bara mwaka 1890 kurudi Unguja, Rumaliza ndiye aliyebaki na nguvu kubwa kuliko wote upande huu.

Hakutawala kwa barua wala kwa mipaka iliyochorwa. Alitawala kwa maboma. Kila alipotaka kukaa alimweka mtu wake, na mtu huyo kazi yake ya kwanza ilikuwa kujizungushia ukuta.

Boma la aina hiyo linastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu wanahistoria wengi wanalipita haraka kana kwamba lilikuwa uzio wa mifugo. Magogo yalikatwa na kusimamishwa ardhini yakiwa yamebanana, kuanzia kwenye handaki lililochimbwa kwanza. Udongo wa handaki ulirundikwa kwenye magogo hayo ili risasi zizame humo. Matundu ya kupigia bunduki yaliachwa kwa urefu wa mtu aliyepiga goti. Ndani, nyumba za vita hazikujengwa juu, zilichimbwa chini: mashimo yaliyofunikwa kwa miti, na juu ya miti udongo mzito. Aliyejificha humo hakuogopa sana mizinga midogo iliyokokotwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, kwa kuwa kombora lilichimba udongo likaishia hapo. Na yote hayo yaliweza kuinuka kwa muda mfupi wa kushangaza, kwa sababu bwana wa boma alikuwa na mikono mingi aliyoweza kuiamuru.

Mikono hiyo ilikuwa ya nani? Hapo ndipo lilipo jambo zima. Miti haikukatwa na waungwana wa Ujiji wala na maafisa wa Brussels. Walioikata na kuibeba, wakachimba handaki na kuchota maji usiku, walikuwa watu wa ufukoni na wa Manyema: mateka, wapagazi, wanawake waliopewa bwana mpya, vijana waliokabidhiwa gobore na kuambiwa kuwa sasa wao ni rugaruga. Katika nchi hii ardhi ilikuwa nyingi na watu ndio walikuwa mali. Boma lilijengwa na watu ili kushika watu, na lilipozingirwa, watu ndio waliokuwa tuzo.

Jambo hilo ni la kale kuliko ziwa lilivyo kwenye ramani. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Senakeribu mfalme wa Ashuru, aliyepanda kupigana na miji yenye maboma ya Yuda katika siku za mfalme Hezekia, akaweka kambi Lakishi. Ilikuwa mwaka 701 kabla ya Kristo. Waashuru walirundika mawe maelfu ya tani kwenye pembe ya ukuta wa Lakishi mpaka ikawa njia ya mteremko ya kupandishia magogo ya kubomolea. Waliokuwa ndani nao wakarundika udongo upande wao ili ukuta ukianguka wakute kilima kingine. Wachimbuzi wa karne ya 20 waliikuta njia hiyo ingalipo, na mamia ya ncha za mishale zikiwa zimetapakaa pale pale.

Senakeribu aliupenda ushindi huo kiasi cha kuuchonga kwenye kuta za chumba kimoja cha jumba lake la Ninawi. Mawe hayo sasa yako katika jumba la makumbusho la Uingereza, London. Anayeyatazama huona kwanza mishale na ngazi na moto. Lakini sehemu ndefu ya mchoro si vita. Ni watu wanatoka langoni. Familia zina mizigo, wanawake wamepanda mikokoteni inayovutwa na ng'ombe, watoto wamekaa juu ya vyombo vya nyumbani. Katika maandishi yake mfalme alijisifu kuwa ameteka miji 46 yenye ngome na kutoa humo watu 200,150. Idadi ya watu, si ya mawe wala ya mashamba. Ashuru haikuwa na haja ya Lakishi ikiwa tupu. Ilihitaji watu wake wakalime na kujenga kwingine.

Rumaliza asingepata tabu kuyaelewa maandishi hayo. Wala wazee wa Ubwari.

Kwenye mwambao wa Fizi, wa kwanza kushindana naye kwa kujenga kuta walikuwa mapadri. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879, na mwaka uliofuata wakaweka kituo Masanze. Mwaka 1881 wenzao watatu waliuawa Rumonge, kwenye pwani ya Burundi inayotazamana na Ubwari, na tangu hapo hawakutaka tena kukaa bila ulinzi. Mwaka 1883 walianzisha Kibanga, kusini ya Baraka katika nchi ya Ubwari, wakaiita Lavigerieville kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao. Aliyewasaidia kuimarisha ulinzi alikuwa Mfaransa Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, mtu ambaye baadaye alioa mwanamke wa nchi, Agnes Atakao, akaishi kando ya ziwa mpaka alipofariki mwaka 1927.

Kibanga ilikuwa kanisa, shule, shamba na ngome kwa pamoja. Mapadri walilipa vitambaa kuwakomboa watoto waliokuwa wakipelekwa mnadani Ujiji, wakawalea ndani ya kuta, wakawaoza na kuwapa viwanja vya kujenga. Watu wazima waliokimbia misafara walikuja wenyewe. Nia ya mapadri ilikuwa ya kweli, na wengi waliopona kwa sababu ya kuta zile walijua wamepona nini. Hata hivyo hesabu ilibaki ileile: boma moja linavuta watu huku, boma lingine linawavuta kule, na kijiji kisicho na ukuta katikati kinakwisha. Kwa muda mrefu Rumaliza hakutaka ugomvi wa wazi na mapadri. Hakuwa na haja ya kuvunja lango lao. Ilitosha kuvitafuna vijiji vilivyozunguka, mpaka Kibanga ikabaki kama kisiwa.

Babembe wa milimani walichukua njia nyingine kabisa. Hawakuwa na mfalme mmoja wala mji mkubwa. Koo ziliishi mbalimbali, na heshima ya wakubwa ilipitia katika bwami, chama chao cha madaraja. Nyuma ya mwambao milima inapanda ghafla kuelekea Itombwe, na mtu anayeijua njia anapotea humo kabla bunduki haijapakiwa. Nchi ya namna hiyo haina lango la kuvunja. Huwezi kuihusuru. Gharama yake ilikuwa kuacha ufuko: samaki, mashamba ya bondeni, njia za mitumbwi. Kupanda mlimani na kuteremka tena hali ikitulia ni elimu ambayo familia za Fizi zimeirithishana tangu zamani hizo, na karne ya 20 ilizilazimu kuitumia tena, hasa mwaka 1965, wakati mamluki wa Mike Hoare walipoteremka kutoka ziwani kuiteka Baraka mikononi mwa waasi.

Sasa turudi Albertville.

Jacques alikuwa amepitia barabara ya misafara ya pwani hadi Karema, akavuka mpaka Mpala, na tarehe 30 Desemba 1891 akaanzisha kituo chake, akakipa jina la mwana wa kifalme Albert. Alichagua mahali ambapo angeweza kuzuia misafara kufika majini. Rumaliza alilielewa kusudio hilo mara moja. Mjumbe wake wa vita, aliyeitwa Toka-Toka, hakujaribu kuipanda ngome kwa nguvu kila siku. Alifanya yaliyofanywa na wazingiraji wenye akili tangu Ashuru: alijenga boma lake mwenyewe karibu na lile la adui. Aliyezingira akawa naye amejifungia. Maboma mawili yalitazamana, kila moja likiogopa kutoka, na katikati yake mashamba yakawa hayalimiki.

Kilichoiokoa Albertville ni ziwa. Mji wa nchi kavu ukizungukwa umezungukwa; kituo cha ufukoni kina upande mmoja ambao adui hawezi kuuchimbia handaki. Kusini kulikuwa na Mpala, iliyoanzishwa na Émile Storms mwaka 1883 na kukabidhiwa mapadri miaka miwili baadaye, na karibu na hapo alikaa Joubert na watu wake. Ng'ambo kulikuwa na Karema. Fort Jesus ya Mombasa ilijifunza jambo hilo hilo kwa uchungu zaidi: Waomani walipoizingira Machi 1696, Wareno na Waswahili waliokuwa pamoja nao waliweza kushikilia mpaka Desemba 1698 kwa sababu mara chache meli zilipenya kuwaletea watu na chakula. Tauni iliua wengi kuliko mizinga. Kuta hazishibishi mtu.

Agosti 1892 msaada ulitokea upande ambao haukutarajiwa. Msafara wa Alexandre Delcommune, uliokuwa umetoka kuchunguza Katanga, ulifika ziwani ukiwa umechoka, ukaungana na Jacques na Joubert. Kwa pamoja waliliendea boma la Toka-Toka. Walishindwa. Magogo, udongo na matundu ya bunduki yalifanya kazi yaliyojengewa, na washambuliaji walirudi nyuma. Delcommune akaendelea na safari yake, Jacques akabaki pale alipokuwa. Ni jambo linalopaswa kusemwa wazi, maana vitabu vya kikoloni vilipenda kuandika kana kwamba bunduki za Ulaya zilifungua kila mlango: mafundi wa maboma wa Afrika ya kati walijua wanachokifanya, na uwanjani waliwashinda maafisa waliosomea vita.

Kilichoubadili mzani hakikuwa ushujaa wa upande mmoja. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umeanza kubana uingizaji wa silaha na baruti. Wajerumani walikuwa wakipanda kutoka pwani, na njia za misafara zilizolisha Ujiji zilikuwa zikipita mikononi mwao. Januari 1893 huko Tabora, baada ya mashambulizi yaliyoshindwa mwaka uliotangulia, waliliteka boma la Isike mtemi wa Unyanyembe, naye akalipua ghala lake la baruti kuliko kukamatwa. Mwanzo wa mwaka huohuo msafara mpya wa chama cha kupinga utumwa, ulioongozwa na Long, Duvivier na Demol, ulifika Tanganyika kumwokoa Jacques. Watu wa Rumaliza wakaondoka Albertville. Miezi tisa ilikwisha bila lango kuvunjwa.

Kwa Rumaliza mwenyewe mwisho ulikuja mwaka mmoja baadaye, katika nchi ya Kasongo, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa ndani. Jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis lilikuwa limeteka Nyangwe na Kasongo katika miezi ya Machi na Aprili 1893. Rumaliza alikuja na watu wengi kuzirudisha, akajenga maboma kadhaa kwa ustadi uleule, na kwa miezi kadhaa majeshi ya Dhanis hayakuweza kuyafungua. Afisa Pierre Ponthier alipata jeraha lililomuua Oktoba 1893. Makombora ya mzinga wa Krupp yalizama kwenye udongo bila kufanya la maana. Kisha Januari 1894 kombora moja liliiwasha moto nyumba ya Rumaliza ndani ya boma lake. Nyasi za mapaa zilishika, moto ukaruka nyumba kwa nyumba, baruti ikalipuka. Maboma mengine ya jirani yalikatiwa njia ya maji yakajisalimisha. Kabambare ikafuata kabla ya mwezi kwisha, na Rumaliza akakimbilia upande wa Wajerumani.

Sidney Hinde, daktari wa Kiingereza aliyekuwa katika jeshi hilo, aliandika kitabu juu ya vita hivyo mwaka 1897, na ndani yake anaeleza maboma kwa makini ya mtu aliyeyaogopa. Lakini majina anayoyashika ni ya wakuu. Jeshi la Dhanis lenyewe lilikuwa na maelfu ya wapiganaji wa Kiafrika, wengi wao wa Gongo Lutete, aliyewahi kuwa mtu wa Tippu Tip kabla hajabadili upande, na ambaye maafisa wa Dola walimpiga risasi Septemba 1893 kwa tuhuma za usaliti. Waliozingira na waliozingirwa mara nyingi walikuwa watu wa vijiji vilevile, walioshikwa katika miaka tofauti na mabwana tofauti. Lugha iliyopita juu ya ukuta, ya matusi na ya kuombana amani, ilikuwa Kiswahili, na hapo ndipo kilipopata mizizi; watu wa Fizi, Uvira na Kalemie wanakisema hadi leo.

Mwaka 1893 mapadri waliiacha Kibanga. Watu wao walihamishwa kusini, Kirungu, mahali palipoitwa Baudouinville na leo ni Moba. Mwambao wa Ubwari ukapoteza boma lake la mwisho pamoja na wale waliokuwa wamekusanyika humo. Watu wengine waliteremka polepole kutoka milimani na kuanza upya. Ufuko huo haukuacha kupokea wanaokimbia: Lusenda, palipofunguliwa kambi mwaka 2015, ilipokea maelfu ya Warundi waliotoka nchi hiyohiyo ya ng'ambo ambako zamani mitumbwi ya Rumonge ilitazamana na Ubwari. Waliofika hawakukuta ukuta. Walikuta vijiji vya wavuvi na wakulima wa muhogo ambao babu zao nao walikwisha kuwa wakimbizi, wengine mara nyingi.

Rumaliza alizeeka pwani. Mwaka 1908 jina lake lilitajwa tena na Wajerumani, safari hii katika mambo ya barua za dini zilizosambazwa Lindi, mji aliozaliwa.

Jacques alirudi kwao akiwa shujaa wa kupinga utumwa, kisha akatumwa tena Kongo. Mwaka 1895, akiwa msimamizi katika wilaya ya Ziwa Leopold II, ambalo leo ni Mai-Ndombe, aliandika amri juu ya watu wa Inongo waliokuwa wakikata mitambaazi ya mpira badala ya kuigema: wakiendelea, waangamizwe mpaka mtu wa mwisho. Barua hiyo ipo, na inapaswa kusomwa pamoja na habari za Albertville, si kando yake. Mtu aliyekaa miezi tisa nyuma ya magogo akiwatetea watu wasifanywe mali alikuwa, miaka mitatu baadaye, akiwahesabu watu wengine kwa kilo za mpira. Oktoba 1914 alishiriki kuutetea mji wa Diksmuide dhidi ya Wajerumani, na kwa ajili hiyo alipewa cheo cha baroni na jina la mji huo. Sanamu yake imesimama Diksmuide, na Brussels ina barabara pana inayoitwa kwa jina lake. Kalemie iliacha kuitwa Albertville katika miaka ya 1960, baada ya uhuru.